Kutoka D Hadi C ya Hesabu

Binti yako amemaliza kidato cha nne. Ana C mbili, na hesabu kapata D. Kidato cha tano hutakiwa C tatu kwa uchache. Usimwambie hana akili.

D ni alama 30 hadi 44. C huanzia 45. Matokeo huonyesha herufi tu, kwa hiyo huenda alikosa alama chache mno.

Anaweza kurudia mwezi Novemba akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, mradi ajiandikishe mapema. Asikariri kitabu kizima. Wengi hupotelea hapo. Afanye mtihani wa zamani bila kuchungulia majibu. Kisha kila kosa aliandike daftarini: hapa sikujua kanuni, hapa nilijua lakini nilijumlisha vibaya. Haya ya pili ndiyo mepesi kuponya. Baada ya wiki moja ayarudie maswali yale yale.

Na wewe mzazi je? Akirudi kisimani usiku, kuni bado, atasoma saa ngapi? Kaka zake nao wana mikono.

Zoezi: Mtu amepata alama 38. Amebakiza ngapi kufikia C?