Dondoo muhimu: Tahadhari iutangulie uvumi

Aprili 12, 2015, siku kumi tu baada ya shambulio la kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, mlipuko wa umeme ulitikisa kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, wengi wakajeruhiwa.

Ili hofu kama hiyo isiue tena, andikeni ujumbe wa tahadhari kabla ya siku ya hatari: nini, wapi, fanya nini. Kwa mfano: “Moto bweni B. Tokeni kwa ngazi. Kusanyikeni uwanjani.”

SMS pekee haitoshi, maana mtandao huelemewa kila mtu anapopiga simu nyumbani. Ongezeni king’ora, vipaza sauti, na taa za kumweka kwa wasiosikia. Mtaani, kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa husaidia sana, mkikubaliana mapema.

Milio itofautiane. Moto humtaka mtu atoke. Uvamizi huweza kumtaka ajifungie. Mlio mmoja kwa yote mawili unaweza kuua, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kutofautisha milio kila muhula, usiku pia.

Msimamizi wa zamu aruhusiwe kutuma tahadhari bila kusubiri saini ya mkubwa aliyelala.

Hatari ikiisha, tangazeni vilevile.