Kiwanda Kikipanuliwa, Nani Hupata Kazi?

Sisi wa darasa la juu tu karibu kumaliza masomo, na kila jioni mazungumzo yetu ni kazi. Wengi husema, "Laiti Arua ingekuwa na kiwanda kikubwa!" Basi nimeona yafaa tulitazame jambo hili.

Mwaka 2019 kiwanda cha simu cha SIMI kilifunguliwa Namanve, karibu na Kampala. Viwanda vya namna hii kwa kawaida huanza na kuunganisha tu. Vipande hutoka ng'ambo vikiwa tayari. Vijana huketi mezani, mmoja akipachika kioo, wa pili betri, wa tatu akikaza skrubu, wa mwisho akijaribu kama simu yaita. Wakitaka simu maradufu huongeza meza, na meza yataka watu.

Lakini uko upanuzi wa namna ya pili. Kiwanda kikianza kutengeneza vile vibao vya ndani, hununua mashine ipachikayo maelfu ya vipande kwa saa moja, vingine vidogo kuliko punje ya ulezi. Mashine hiyo haitaki mikono mingi. Yataka mtu wa kuipanga, wa kuitengeneza, na wa kugundua kosa. Simu huongezeka, mikono huenda isiongezeke. Nilipoyajua hayo niliacha kulidharau somo la fizikia!

Tena kazi hiyo haipatani na umeme wa kukatikakatika. Risasi ya kulehemu huyeyushwa katika tanuri kwa joto lililopimwa. Umeme ukizimika, vibao vilivyomo huweza kuharibika. West Nile yetu ilikaa miaka mingi nje ya umeme wa taifa. Mtambo wa Nyagak, karibu na Paidha, ulioanza mwaka 2012, ni wa kilowati 3,500 tu. Mwaka 2024 ndipo nyaya za volti 132,000 zilipofika Arua kupitia Gulu na Nebbi.

Na mafundi je? Likizo iliyopita nilikaa siku nzima kwa fundi wa simu sokoni Koboko. Alifungua simu ya mteja mmoja Mkongo, akagusagusa kibao kwa kipimo cha umeme, akalipata kosa mara moja. Shule aliiachia darasa la sita. Nikamwuliza kama angependa kuajiriwa kiwandani. Akacheka.

"Mdogo wangu, wataniuliza cheti."

Mimi cheti nitakuwa nacho, Mungu akipenda. Lakini kosa lile nisingalilipata.