Khalwa na Ukiwa

Mwenye kutazama kwa nje huviona vitu hivi viwili kuwa ni kimoja, kwani katika vyote humwona mtu aliyekaa peke yake. Khalwa mtu huiendea kwa hiari yake, naye ana pa kurejea. Amma ukiwa humfika pasi na kuutaka, hata akiwa katikati ya soko.

Bwana Mtume (S.A.W.), kabla ya kupewa Utume, alipenda kujitenga katika pango la Hira, nje ya Makka, akiabudu masiku kadha wa kadha. Masurufu yake yalipokwisha alirejea kwa Bibi Khadija, akachukua mengine. Na mwaka 610, ulipomshukia wahyi akatelemka jabalini moyo ukimtetemeka, ni kwa Khadija huyo huyo alikokwenda.

Imam Ghazali, aliyetoka Baghdad mwaka 1095 akajitenga Damascus, aliandika juu ya uzla kitabu kizima ndani ya Ihya. Aliieleza faida yake, wala hakuficha hasara: mwenye kujitenga hukosa kuliwazana na watu, na thawabu za kumzuru mgonjwa na kusindikiza jeneza.

Basi wako wapi wale wamwachao kikongwe mjane mwezi mzima pasi na kumbishia hodi, kisha husema, "Amepata faragha ya kumwabudu Mola wake"? Faragha hiyo hakuiomba. Wamempa ukiwa, wakauita ibada ili wapate kulala usingizi.

Uzito wa ukiwa wauonyesha kisa cha Kaab bin Malik. Mwaka wa 9 wa Hijra (630) alibaki nyuma ya safari ya Tabuk bila ya udhuru, akaungama kweli. Watu wakaamrishwa wasiseme naye wala na wenzake wawili. Wale wawili walikaa majumbani wakilia. Kaab, aliyekuwa kijana kuliko wao, aliendelea kwenda msikitini na sokoni, wala hapana aliyemsemeza. Aliuparamia ukuta wa bustani ya Abu Qatada, binamu yake na kipenzi chake, akamtolea salamu, hakuitikiwa. Mfalme wa Ghassan akapata habari, akamwandikia barua kumvuta kwake (aliyetengwa hakawii kupata wa kumwinda), na Kaab akaitia tanurini.

Baada ya masiku 50 ilishuka toba yake. Alipoingia msikitini, Talha bin Ubaidillah aliinuka, akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Katika Muhajirina hakuinuka mwingine, na Kaab hakumsahau Talha kwa jambo hilo.