Risasi za kale stoo: nizifanyeje?

*Tulinunua shamba Njoro lenye nyumba ya mlowezi wa zamani. Tukisafisha stoo tulikuta sanduku la risasi nene kama kidole gumba. Baadhi zimeandikwa .416 Rigby, nyingine hazina maandishi. Jirani anasema kuna fundi wa kuzirekebisha zitoshee bunduki yake. Je, ni salama?*
*Mama Shamba, Nakuru*

Mama, kuzipata si kosa lako, lakini wazo la jirani likatae.

Risasi ya .416 Rigby ilitoka Uingereza mwaka 1911, kwa kuwinda nyati na ndovu. Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977, masanduku mengine yakabaki mashambani. Zile zisizo na maandishi hatujui ni za aina gani, kwani baadhi ya mafundi hubuni risasi zao: hubana au kupanua shingo ya ganda la kiwandani, kisha bunduki huchongwa ilingane nalo. Risasi ya namna hiyo huenda ikafaa bunduki moja tu. Ukiilazimisha kwenye nyingine, shinikizo la gesi laweza kuipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Baruti kuukuu nayo haitabiriki.

Usizigonge, usizichome, usizibebe kwenye matatu. Funga stoo na uwaweke watoto mbali. Nenda kituo cha polisi au upige 999, ueleze zilipo ili maafisa waje kuzichukua, na uombe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi).

Sheria ya Silaha, Sura 114, inakataza kuwa na risasi bila cheti. Piga ripoti leo.