Nguo Mpya ya Mtoto: Ifue Kwanza

Umewahi kuona chura kwenye chupa, kule maabara ya baiolojia? Dawa ile ni fomalini. Kemikali yake, fomaldehidi, hutumiwa pia viwandani ili vitambaa visikunjamane. Ngozi laini ya kichanga inaweza kuwashwa na kutoka vipele.

Kwa macho huioni. Wapimaji huloweka gramu 1 ya kitambaa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa saa 1, kisha hutia dawa ya kupimia. Maji yakigeuka manjano, imo! Sheria ya Japani ya 1973 ni kali: nguo za watoto wasiozidi miezi 24, mwisho miligramu 16 kwa kilo.

Umegundua jambo? Inatoka kwa maji. Basi dada akijifungua, usimvalishe mtoto nguo mpya eti kwa sababu inanukia dukani. Ifue, isuuze, ianike.