Bunduki ya Midomo Miwili

Katika Ugogo, kanga huruka ghafula kutoka vichakani. Kwa hiyo bunduki ya marisau yenye midomo miwili, yaani kasiba mbili, hufaa huko: mwindaji akikosa kwa kasiba ya kwanza, ya pili i tayari.

Ukubwa wake hujulikana kwa hesabu. Ratili moja ya risasi ikigawanywa kuwa tufe 12 zilizo sawa, tufe moja huenea katika kasiba ya namba 12.

Basi mtu apatapo bunduki ya kale ya namba 12, huona risasi mpya zaingia vema, akadhani ni salama. Sivyo. Nyingi za kale zilifanyizwa kwa baruti nyeusi, na kasiba zake ni chuma kilichosokotwa na kufuliwa. Baruti isiyo na moshi, iliyokubaliwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1886, ina nguvu zaidi. Yaweza kupasua kasiba na kumkata mwenyewe vidole.

Mwenye busara hupata leseni, humwonyesha fundi bunduki yake kwanza, huifuta vumbi na kuipaka mafuta kidogo, wala haiweki nyumbani ikiwa na risasi ndani.

Kuingia si kufaa.