Somo: Tafuta mununuzi mbele ya kupanda



Mu 1987, Fernando Duarte na Robert Brozin walinunua resto moja ndogo ku Rosettenville, Johannesburg, ya kuku ya kuchoma na pilipili. Leo Nando's iko mu inchi mingi, mikononi mwa familia ya Enthoven. Pilipili yake inalimwa na wakulima wadogo wa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Bei wanapatana mbele ya kupanda.

Siye huku Lubumbashi tunapanda kwanza, kisha wote tunafika soko ya Kenya siku moja. Bei inaanguka, mbichi inaoza.

Basi mbele ya mvua tumeni watu wawili kwa wenye kuchoma kuku. Waulize: kilo ngapi kila juma, bei gani? Waandike, wote wasaini. Kisha pandeni kiasi hicho.